Nafasi Kati ya Tairi na Uma

14 Septemba

Bila mimi, Marnix Vandecasteele, nusu ya watu wa Zoutekapelle wangekuwa wanakwenda kazini kwa miguu, na nusu nyingine wangekuwa wanasukumwa kwa toroli. Sisemi kwa kujisifu. Mtu mrefu hajisifu kwa urefu wake, anainama tu mlangoni. Fremu za baiskeli zilizopita mikononi mwangu zikipangwa moja nyuma ya nyingine zinafika Brussels na kurudi, na mabingwa wawili wa dunia wamewahi kukaa kwenye kochi langu wakilia kwa sababu ya magurudumu yao. Majina siyataji. Wana familia.

Daftari hili nimelinunua kwa sababu kazi ninayoianza inastahili kuandikwa. Tarehe ishirini na tisa daraja la mfereji linafungwa kwa matengenezo mpaka Krismasi. Magari yatazunguka kilomita kumi na tisa. Wenye miguu na baiskeli wamewekewa kidaraja cha mbao. Sasa Lieselot, binti wa dada yangu, ni muuguzi wa majumbani, na wagonjwa wake saba wako ng'ambo, mashambani huko. Dada yangu Annemie yuko Hispania na mume wa tatu; binti kaniachia mimi. Kwa hiyo Lieselot anataka baiskeli ya lami na ya kokoto, itakayopita njia za matrekta, ibebe begi la dawa, na isimrushie tope mgongoni, maana huwezi kuingia kwa mgonjwa una mstari wa matope mpaka kisogoni.

Alikuja asubuhi. "Mjomba, nimepita dukani kwa Veerle. Ana moja ya kokoto, fremu pana, breki za diski. Anasema wiki moja tu."

"Veerle? Yule anayesoma kitabu kabla ya kukaza nati?"

"Anasoma asikosee."

"Mimi sijasoma na sijakosea. Nitakuundia mwenyewe."

Akacheka, akanibusu shavuni. "Basi unda, Mjomba. Ila isije ikawa kama ule mlango wa kuku."

Ule mlango wa kuku ulikuwa mzuri. Kuku ndio hawakuuelewa.

16 Septemba

Nimeiteremsha fremu kutoka darini. Ya chuma, buluu, ukiigonga kwa ukucha inaimba. Ndiyo niliyoendesha mwaka 1988 kwenye mbio za sherehe ya kijiji, nikiongoza kwa dakika nne, mpaka mbwa wa padri alipokata barabara. Fremu za siku hizi ni nene kama mabomba ya choo. Hii ni mifupa mitupu na akili.

Ni kweli ni fremu ya mbio, na fremu ya mbio inabana kama suruali ya bwana harusi mwaka mmoja baada ya harusi. Ilizaliwa kuvaa tairi ya milimita ishirini na tatu. Tairi ya kokoto huanzia thelathini na tano. Lakini chuma kinasikia lugha ya mwenye nguvu. Nyuma nimekipanua kwa ubao na goti, gurudumu jipya likaingia. Palipogusa tairi nimepabonyeza kwa jiliwa na mpini wa kijiko. Kijiko nimekirudisha jikoni.

Mbele ndiko kwenye kazi. Uma, yaani ile miguu miwili ya chuma inayolishika gurudumu la mbele, haubonyezwi. Upana uliopewa ndio huohuo.

19 Septemba

Nimekwenda kwa Veerle kununua tairi na madigadi, vile vifuniko vya kuzuia tope. Aliuliza ni za fremu gani. Nikamwambia. Akaacha kufuta mikono.

"Mzee Marnix, ile ya buluu?"

"Mzee babako. Ndiyo, ile."

"Tairi thelathini na tano, na madigadi juu yake, kwenye uma ule? Utabakiwa na milimita nne."

"Nne na nusu."

"Kwenye vumbi, sawa. Mwezi wa kumi Wilfried akianza kuvuna viazisukari, barabara itajaa udongo. Udongo wetu unaujua. Hauanguki, unapanda."

Akasema niweke magurudumu madogo kidogo, nafasi iongezeke juu. Nikamwuliza kama kitabu chake kimemwambia breki zangu zitafikaje kwenye rimu iliyoshuka chini. Nilidhani nimemshika. Akatikisa kichwa polepole.

"Hazitafika. Ndiyo maana nakwambia tatizo si gurudumu wala breki. Fremu hii haiitaki kazi hii."

Nikalipa, nikatoka. Eti fremu haiitaki kazi! Kwani ni mkwe?

28 Septemba

Imekamilika. Keria nyuma, taa, kengele ya shaba, madigadi nyeusi. Nafasi kati ya tairi na madigadi, pale chini ya uma: milimita nne. Nne ni nyingi. Ndoa nyingi hazina hizo.

29 Septemba

Daraja limefungwa. Lieselot amevuka kidaraja cha mbao akipiga kengele. Jua.

2 Oktoba

Jua. Anasema inaruka kama swala.

5 Oktoba

Jua. Pale baa nimenunuliwa bia tatu. Wilfried, ambaye mashamba yake yanaanzia kwenye mfereji na kuishia kwenye majivuno, alisema hata yeye ataniletea trekta lake nilitengeneze. Nikamwambia trekta siligusi, ni chombo cha watu wanaoogopa jasho.

9 Oktoba

Mvua. Wilfried ameingiza mashine ya kuvunia.

10 Oktoba

Mvua.

11 Oktoba

Mvua. Vibao vya TOPE BARABARANI vimesimamishwa pande zote mbili za njia ya kwa Zulma. Zulma ni mgonjwa wa mwisho wa Lieselot, ana miaka tisini na mmoja, nyumba yake iko mwisho kabisa, baada yake ni mashamba na mawingu tu.

14 Oktoba

"Mjomba, inasema shrrr."

"Nini?"

"Gurudumu la mbele. Natoka nyumbani kimya. Nikimaliza mgonjwa wa nne linaanza shrrr, kama mtu anakwangua sufuria."

"Linakuzoea."

"Wiki ya tatu hii, Mjomba. Mume wa Mama alimzoea kwa siku mbili."

Nimemchongea kijiti cha mwaloni, bapa, kirefu, nikakifunga kwenye fremu kwa mpira. Shrrr ikianza, ashuke, achokoe udongo, apande. Nimemwambia mabingwa wote huwa nacho, ila hukificha.

15 Oktoba

Leo amechokoa mara moja.

20 Oktoba

Mara tatu. Malori ya viazisukari yanapita tangu alfajiri, na kila lori linadondosha donge lake. Udongo umeanza kufunika ile mistari myeupe ya pembeni.

27 Oktoba

Mara sita.

30 Oktoba

Mashine ya Wilfried imefukua kombora jingine la ile vita ya kwanza ya dunia. Ameliweka chini ya nguzo ya umeme, kama kawaida, askari waje walichukue. Pale baa anasema, "Miaka mia na ushei limelala, halina haraka." Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, halafu bia ikanipalia.

3 Novemba

Mwalimu wa shule ya ng'ambo ameanguka njia ya kwa Zulma. Gurudumu la mbele lilishika, akaruka juu ya usukani. Meno mawili na kifundo cha mkono. Nilisema mbele ya kila mtu kwamba baiskeli yake ni ya bei rahisi, imenunuliwa pamoja na sabuni na karoti.

Ukungu siku nzima. Lieselot alichelewa dakika arobaini. Sikuwa namngoja. Nilikuwa nafagia barabarani.

4 Novemba

Nimefagia tena.

7 Novemba

Mara tisa. Anasema sasa hachokoi kwa kufuata wagonjwa, anahesabu nguzo. Nguzo nne, anashuka. Nguzo nne, anashuka. "Nikiwa na bahati, tano," akasema, akicheka. Kijiti kimelika nusu. Nimemchongea kingine, kinene.

Hakiingii. Nimekipunguza.

12 Novemba

Veerle amekuja bandani kwangu. Hajawahi kuja. Alisimama mlangoni na mvua mabegani.

"Nimemwona Lieselot kwenye kidaraja. Anashuka kila hatua, Mzee Marnix."

"Anafanya mazoezi."

"Nisikilize. Gurudumu la nyuma likishika, unaburuzwa, unapata muda wa kutukana. La mbele likishika, hupati muda wa kitu chochote. Linakurusha."

"Unanifundisha baiskeli mimi? Mwaka themanini na nane..."

"Najua, mbwa wa padri." Hakucheka. "Ninayo ile ya fremu pana dukani. Tairi ileile, madigadi hizohizo, na bado vidole vitatu vinapita juu. Sihitaji hela. Aitumie mpaka Krismasi, airudishe. Mwambie wewe, au nitamwambia mimi."

"Nitamwambia mimi."

"Leo?"

"Leo."

Akaniamini, akaenda zake. Siku zote nilidhani yule mwanamke ana kiburi. Mtu mwenye kiburi angekwenda moja kwa moja kwa Lieselot, aniaibishe.

Lieselot alipita saa kumi na moja jioni. Tukala nyama iliyopikwa kwa bia, na viazi vya kukaanga. Akasema, "Wagonjwa wangu wote wanajua umeiunda wewe. Zulma anasema angekuwa na mjomba kama wewe, angeomba azikwe naye." Nikamwongezea viazi.

13 Novemba

Sijamwambia. Mvua.

14 Novemba

Mvua.

15 Novemba

Mvua. Kesho.

19 Novemba

Lieselot amerudi anachechemea. Kiganja cha kushoto kimechubuka, na suruali imechanika gotini.

"Lilishika, Mjomba. Hivi tu, pap! Nilikuwa polepole, nikawahi kuweka mguu chini."

Nilicheka kwa sauti. Sijui kicheko kile kilitoka wapi. Nikasema hiyo si kitu, mimi nimeshawahi kurushwa nikatua kwenye paa la kanisa. Na yeye akacheka, akaniachia baiskeli niisafishe, akaenda kuosha kiganja.

Nikaliondoa gurudumu la mbele. Sijui nieleze vipi nilichokiona. Ndani ya uma, pande zote mbili, rangi ya buluu haipo tena. Udongo na mawe madogo vimeisugua mpaka chuma kimebaki cheupe, kinang'aa, kilaini kama jino. Wiki tano, kila siku, tope lilikuwa linasukumana pale na chuma changu, milimita kwa milimita, na katikati ya ugomvi huo alikaa mtoto wa dada yangu na begi la dawa.

Nimelirudisha gurudumu.

20 Novemba

Redio inasema kuanzia kesho baridi kali. Tope litaanza kuganda juu ya tairi.

21 Novemba

Saa kumi na mbili asubuhi nimekwenda kwake, nikampa baiskeli yangu ya sokoni, ile nzito ya kukaa wima. Nikamdanganya ya kwake inataka grisi. Hii ya buluu nitaiendesha mwenyewe mpaka kwa Zulma. Nataka kuhakikisha tu. Mkono wa fundi unajua kushika usukani. Haitamfanya kitu mtu anayejua kushika usukani.

23 Novemba

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo msomaji avumilie. Mtulinga, huu mfupa wa begani, umevunjika upande wa kulia.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nakwenda kasi ambayo hapa hawajaiona tangu nilipostaafu, trekta la viazisukari likatokea kwenye ukungu bila taa, kubwa kama kanisa, likanipiga ubavuni. Nikaruka mita sita, pengine nane. Nikatua kwenye mtaro wenye maji, nikazama mara mbili, nikajiokoa kwa mkono mmoja. Trekta halikusimama. Pale hospitali daktari alisema mtu wa kawaida angekufa.

Hivyo ndivyo nilivyowaambia.

24 Novemba

Wageni kumi na wanne. Trekta sasa lina magurudumu manane.

26 Novemba

Wilfried amekuja. Amekaa ukingoni mwa kiti, kofia mkononi, na paja zima la nyama ya nguruwe kwenye gazeti.

"Marnix. Siku ile ni mimi niliyekuwa nje."

"Matrekta ni mengi, Wilfried."

"Asubuhi ile lilikuwa moja. Nimelizunguka mara kumi natafuta rangi ya buluu. Sijaona. Lakini ukungu ulikuwa vile, na mimi masikio yangu unayajua." Alikuwa anaikunja ile kofia kama anaikamua. "Nimesimamisha mavuno. Viazi vinaoza. Siwezi kupanda kile kiti."

Mtu huyu amenidhihaki tangu darasa la kwanza. Mbele ya baa nzima aliwahi kunivalisha shada la vitunguu, eti ushindi wa mwaka themanini na nane. Nilingoja miaka mingi nimwone ameinamisha kichwa mbele yangu. Leo ameinamisha. Nikamwambia apeleke nyama jikoni.

28 Novemba

Lieselot amepita mbele ya Wilfried barabarani bila kumsalimu. Ameniambia mwenyewe, kwa fahari. Kisha akasema, "Nimempelekea Veerle baiskeli aikague. Maskini Mjomba, na mimi nilianza kudhani kosa ni la lile gurudumu. Kumbe ni trekta. Jumatatu naipanda tena, hii yako ya sokoni inaniua mapaja."

Jumatatu. Nje kumeganda. Udongo umesimama barabarani kama meno.

29 Novemba

Jioni jikoni kwangu. Lieselot anapakua supu ya vitunguu majani. Wilfried amekaa pembeni, huja kila siku sasa. Veerle akaingia anaisukuma baiskeli, akaiegemeza kwenye friji.

"Imenyooka?" Lieselot akauliza.

"Fremu imenyooka. Uma umenyooka. Haina hata alama moja ya kugongwa." Hakumwangalia Lieselot. "Hata moja."

Akanitazama mimi. Akaniachia nafasi, na nafasi ile ilikuwa pana, ningeweza kupita nikitaka.

"Basi Jumatatu naichukua," Lieselot akasema.

Wilfried akakohoa. "Binti, nitakwangua ile njia mwenyewe. Kwa koleo. Kila siku kabla hujapita. Nakuapia."

Nikasema, "Hupandi."

"Nani?"

"Wewe, Lieselot. Hupandi hiyo. Hakukuwa na trekta."

Wilfried akainua kichwa. "Marnix, alama za magurudumu yangu zilikuwa pale pale."

"Alama zako ziko kila mahali, Wilfried, unalima! Hukunigusa. Hukuniona hata. Gurudumu la mbele lilishika. Tope lilijaa chini ya madigadi, likaganda, likashika, likanirusha. Fremu hii haina nafasi. Veerle aliniambia mwezi wa tisa, akanirudia mwezi huu, akatoa baiskeli ya bure uitumie wewe. Nikasema nitakwambia."

Lieselot aliuweka upawa ndani ya sufuria, polepole, kana kwamba ni kitu cha kuvunjika.

"Alikwambia tarehe ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Mimi lilinishika tarehe kumi na tisa."

"Ndiyo."

"Siku saba, Mjomba."

Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Alikiangalia kiganja chake, akavaa koti, akatoka na Veerle. Wilfried alibaki kidogo. Alivuta pumzi mara mbili tatu kama mtu aliyetolewa jiwe kifuani. Kisha akasimama, akaichukua nyama yake mezani, akaenda nayo.

Supu sikuinywa.

1 Desemba

Lieselot amepita saa moja asubuhi juu ya ile ya fremu pana. Hakupiga kengele.

4 Desemba

Amepita.

8 Desemba

Amepita. Theluji kidogo. Wilfried anavuna usiku na mchana kufidia. Barabara ni mbaya kuliko wakati wowote, nami nasimama dirishani mpaka arudi, na anarudi. Ile ya buluu nimeivua magurudumu.

13 Desemba

Leo alisimama. Akaegemeza baiskeli ukutani, tope mpaka kwenye keria, akafungua mlango wa banda.

"Njoo uisikilize," akasema.

Nikatoka. Akainyanyua mbele, akalizungusha gurudumu. Udongo ulikuwa umejaa kwenye tairi, mnene, na bado lilizunguka na kuzunguka, kimya, mpaka likasimama lenyewe. Hakunibusu. Akauliza, "Kahawa ipo?" Nikasema ipo. Akanywa vikombe viwili, akaniambia habari za Zulma na kidonda chake, na hakuniita Mjomba mpaka alipokuwa mlangoni anaondoka. Lakini aliniita.

Kwa hiyo niandike na hili, maana yale ya jikoni yote ni kweli ila sikuyamaliza. Nilipotua mtaroni nililala chali, nikafumba macho, nikapiga ukunga kwamba nazama. Nilimwita mama yangu. Nilimwita Lieselot. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo sitayataja. Sijui nililia muda gani. Zulma alifuata kelele mpaka pale, na kigari chake cha kujishikiza akitembea, na kanzu ya kulalia chini ya koti, akasimama ukingoni akanitazama.

"Kaa kitako, Marnix," akasema.

Nikakaa. Maji yalinifika kwenye soksi tu.